Kinanda Kisicho na Tarehe

Walikutana dukani kwa Fundi Jumamosi moja, watu wamejaa hadi mlangoni wakigombea spika za kukodi kwa ajili ya harusi zao. Nesi alipenya katikati yao na sare yake nyeupe, viatu vimejaa vumbi.

"Fundi, kinanda unakodisha siku ngapi?"

"Siku saba. Ukichelewa nakufuata mpaka kwenu."

"Basi nitachelewa," alisema, na Fundi akakosea kuandika risiti.

Hakuchelewa hata mara moja. Kila Jumamosi alikirudisha, akakikodi tena. Akitoka zamu alimpigia mama yake, mgonjwa wa kitandani, nyimbo za ujana wake, kwa pupa ya mtu anayejua kesho kutwa kinanda kinaondoka. Kisha simu: "Sikia, Fundi wangu, ule wimbo nimeupata!" Fundi aliacha nyaya zikining'inia, akasikiliza. Mapenzi yao yalianzia sikioni.

Yalipomzidi, Fundi alichana risiti. "Chukua, mpenzi. Hakina tarehe. Kaa nacho."

Jumamosi iliyofuata Nesi hakuja. Ya pili alipiga simu ya haraka haraka. Ya nne, kimya. Fundi, maskini jeuri, akajiambia: kumbe alikuwa anafuata kinanda! Akanuna, asipige. Alikosea, na kununa kule kuliwaumiza wote wawili.

Mwezi wa pili wa kununa ulipoingia, Nesi alirudi Alhamisi moja, amevaa gauni jeusi, kinanda begani ndani ya mfuko ulioshika vumbi.

"Mama tumemzika juzi."

Fundi alimvutia kiti. "Pole, mpenzi wangu. Mbona hukuniambia?"

"Si ulikuwa umeninunia?" Aliketi. "Aliniuliza mara tatu, 'Utanipigia lini, mwanangu?' Nikamwambia kesho, mama, kinanda si kipo? Sikukigusa, Fundi. Na wewe nilikuweka hivyo hivyo. Nikajiambia, yupo tu, nitampigia kesho."

Alilia bila kujificha, na Fundi akalia naye katikati ya spika zake.

"Kirudishe kwenye kitabu cha risiti," Nesi alisema baadaye. "Niandikie tarehe."

Fundi akaandika siku saba. Kalamu ikasita. "Na mimi je? Nilitaka nikuoe. Ndoa haina tarehe ya kurudisha."

"Nioe. Lakini tusizoeane. Kila Jumamosi niulize upya kama bado nakutaka."

Ilikuwa Alhamisi tu, lakini Fundi aliuliza.