Kiti cha Msaidizi wa Dereva

Jua lilikuwa linazama katika kituo cha Tundla, India, wakati Ramnaresh Katiyar alipopanda injini ya umeme kupeleka abiria Kanpur. Safari ya kawaida. Ujanani injini ile ilikata kilomita mia na sitini kwa saa, wakubwa wakigombania kupigwa picha mbele yake. Siku hizi ilivuta treni za kusimama kila kituo. Ndimu na pilipili za kukinga husuda zilining'inia puani mwake, ingawa sijui nani angekihusudu kikongwe kile.

"Mmefanana," alitania Vaidehi, msaidizi wake. "Nyote wawili mnakoroma kabla ya kuondoka."

"Mimi angalau nina meno, binti."

Meno alikuwa nayo. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Tangu sikukuu ya Holi, taa za njiani zilikuwa madoa tu. Hakumwambia mtu. Daktari wa reli angemshusha siku hiyo hiyo, na ilibaki miezi saba tu astaafu. Basi akaegemea desturi ya kazi: msaidizi huita rangi ya taa, dereva huirudia kwa sauti. Vaidehi aliita, yeye akarudia. Watu elfu moja nyuma yao walisafiri kwa macho ya Vaidehi bila kujua.

Walipopita Shikohabad, ikaja harufu. Waya unaoungua... na tambuu.

"Ngoja nikakague mashine," Vaidehi alisema, akatokomea kwenye ujia wa nyuma.

Katiyar alipiga miayo. Mifupa yote ilidai kitanda.

"Kijani," sauti iliita kutoka kiti cha msaidizi.

"Kijani," akajibu. Miaka ishirini na tisa ya mazoea. Mdomo haukungoja akili.

"Kijani."

"Kijani." Akaongeza mwendo. Ndipo akajiuliza: huyu binti ameanza lini kutafuna tambuu?

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Nyekundu! Mzee, nyekundu!"

Akavuta breki yote. Chuma kikalia, kikalia...

Wakasimama. Mbele yao, taa ya mkia wa treni ya mizigo iliwaka karibu mno, hata yeye aliiona.

"Ulikuwa unamjibu nani?" Vaidehi alinong'ona.

"Nilidhani ni wewe."

Vaidehi hakukikaribia kiti chake. "Mzee Nishad, msaidizi wa zamani, yule mtafuna tambuu, alifia hapo, mwaka wa kumi na moja huu. Wanasema bado anaita. Lakini taa ilikuwa mbele yako, mzee. Hukuiona?"

Katiyar alichoka. Alichoka hata kudanganya.

"Sioni, binti. Tangu Holi."

Akatoka kwenye kiti, akashika redio kwa mkono wake mwenyewe, akaarifu kituo: nimepita nyekundu, macho yangu hayafai, leteni dereva mwingine. Kisha akaketi sakafuni kando ya Vaidehi, mwepesi kama aliyetua gunia.

Feni za injini zikanyamaza.

"Kijani," sauti ikaita.

Katiyar akauma meno. Vaidehi akajiziba mdomo.

"Kijani," likaja jibu, la kichovu, kutoka kiti kitupu cha dereva.

Sauti ilikuwa ya Katiyar.

Na chini yao, taratibu, breki zikaanza kuachia...