Mpigaji Simu Aliyejiita Roy

"Usinivute nywele kwa hasira za Merrick," Verna alisema. "Kichwa ni changu, mpira ni wenu."

Bernadine Pauly, msusi wake, alicheka, akailegeza rola ya nywele. Ilikuwa Jumanne mchana, Januari, mechi za kawaida zimekwisha juzi tu, na pale La Crosse hapakuwa na baa, saluni wala foleni ya benki isiyobishania jambo moja: kwotabeki gani, yule mrusha mpira wa futiboli ya Kimarekani, alikuwa na msimu bora? Ni Hollis Tate, mrushaji mkongwe wa timu yetu ya Wisconsin, au yule kijana wa ng'ambo ya mto, Minnesota, Andre Merrick?

Upande wetu wote tulikuwa wa Tate. Bernadine peke yake ndiye aliyekuwa akimtetea Merrick, na alikuwa akizomewa mpaka kanisani. Baba yake alishasema afadhali angepata mkwe mlevi kuliko binti wa namna hiyo. Hata mchumba wake, Dale, dereva wa lori la jibini, alikuwa akimcheka.

"Dale ulimpa ile hoja yako?" Verna aliuliza.

"Nilimpa Alhamisi, tunakula. Nikamwambia usihesabu mabao, angalia nani alikuwa anamlinda. Walinzi wa Merrick waliumia wote kabla ya sikukuu ya Shukrani. Kijana wa watu akawa anarusha mpira amelala chini, kama mtu anayefukuza nzi kitandani."

"Akasemaje?"

"Akasema nikiyarudia hayo siku ya harusi, anatoka mbio na keki."

Harusi ilikuwa mwishoni mwa Februari, fainali ikishapita. Kwetu ukioa msimu ukiendelea, utakula keki yako na mchungaji tu. Gauni lilikuwa tayari kwa mama yake Bernadine. Dale mwenyewe alikuwa safarini Fargo, kama kila wiki, na asubuhi alituma ujumbe:

"Theluji huku ni balaa, mpenzi. Mchana sitapatikana. Nakupenda."

Kwa kawaida saluni ile husikiliza nyimbo za kantri, na Dale alilijua hilo. Asichokijua ni kwamba siku hiyo Verna aligeuza kituo, akaweka kipindi cha michezo cha Gus Hanratty, ambacho husikika ng'ambo zote mbili za mto.

"Tunaye Roy, kutoka Winona, upande wa Minnesota," Gus alisema. "Karibu, Roy."

"Asante, Gus. Nakusikiliza miaka mingi, leo ndiyo mara ya kwanza kupiga. Nilitaka kunyamaza, lakini huyo aliyenitangulia hajui mpira. Msimu huu ni wa Merrick. Usihesabu mabao, Gus. Angalia nani alikuwa anamlinda."

Kitana kilimtoka Bernadine mkononi.

"Walinzi wake waliumia wote kabla ya sikukuu ya Shukrani. Jamaa alikuwa anarusha mpira amelala chini, kama anafukuza nzi kitandani."

"Mbona kama Dale?" Verna alisema.

"Ni Dale." Uso wa Bernadine ulikuwa umechanua. "Ameficha jina ili baba asimjue. Verna, nimemgeuza. Ananicheka mbele yangu, kumbe nimemgeuza."

Raha aliyoisikia ilimpanda mpaka masikioni. Mwanamume kukubali hoja yako ni jambo moja, lakini kuisimamia mbele ya majimbo mawili ni mapenzi mazito.

Gus alikuwa akicheka redioni. "Hiyo ya nzi umeitoa wapi, Roy?"

"Kichwani mwangu, Gus. Nimekaa nayo tangu Novemba."

"Mwizi mkubwa," Bernadine alisema.

Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika nyuma ya mpigaji, karibu kabisa na simu:

"Dale, waambie na ile mechi ya mvua. Halafu uje ule, chakula kinapoa."

"Huyo nani tena?" Gus aliuliza.

"Mke wangu huyo. Mwaka wa kumi na moja huu, bado ananiendesha kama lori."

Bernadine alibaki amesimama na rola mkononi. Verna alinyoosha mkono azime redio.

"Iache," Bernadine alisema.

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Iache, nimesema."

"Roy, usikate," Gus alikuwa akisema. "Natafuta wa kumpinga. Namba mnayo."

Bernadine alikwenda kwenye simu ya ukutani. Alipiga, akaulizwa jina na mji, akajibu kwa sauti ambayo Verna hakuwahi kuisikia.

"Bernadine wa La Crosse," Gus alitangaza. "Unampinga Roy?"

"Simpingi. Nina swali. Roy, hiyo hoja uliisikia wapi?"

"Roy?" Gus aliita.

"Ngoja nimkumbushe," Bernadine alisema. "Alhamisi, mezani kwangu. Ulikuwa umevaa fulana ya Tate. Ulinicheka mpaka maziwa yakakutoka puani. Ukaniambia nikiyasema hayo kwenye harusi yetu unakimbia na keki."

Gus alicheka kidogo, akidhani ni utani wa watu wanaojuana. Kisha akaacha.

"Nani huyo anaongea?" Ilikuwa ile sauti ya mwanamke. "Dale, nipe simu. Nipe hapa. Unakwenda wapi?"

Mlango ulibamizwa. Sote tuliokuwa tukisikiliza tuliusikia. Mimi nilikuwa kwenye gari, nikaegesha pembeni; ya saluni Verna alinisimulia baadaye.

"Halo?" mwanamke alisema. "Mimi ni Marlys. Niko hewani?"

"Uko hewani, mama," Gus alisema. "Naona twende kwenye matangazo."

"Usithubutu kuweka matangazo. Dada, umesema harusi?"

"Nimesema harusi. Mwezi ujao. Mimi ni Bernadine."

"Harusi yako na Dale. Dale Ostrander, mwenye kovu kidevuni."

"La kufungua kopo la bia kwa meno, aliniambia."

Marlys alishusha pumzi. "Kwangu ni ajali ya baiskeli."

"Sikujua, Marlys. Nakuapia. Aliniambia hajawahi kuoa. Leo aliniambia yuko Fargo."

"Yuko nyumbani tangu Ijumaa. Amevaa fulana ya Merrick hapa. Humu ndani ukimtaja Tate anatema mate."

"Kwangu ukimtaja Merrick anasonya."

"Mungu wangu," Verna alisema kwa sauti ya chini, nywele nusu zimefungwa, nusu zinaning'inia.

Simu ya mkononi ilitetemeka kwenye aproni ya Bernadine. Jina la Dale lilikuwa likiwaka: simu ya nyumbani alimwachia Marlys, sasa alipiga kwa ya mfukoni. Aliitazama, akaifungulia spika, akaisogeza karibu na ile ya ukutani.

"Berni, mpenzi, usikate," Dale alisema akihema. "Usimsikilize yule mwanamke. Yule ni dada yangu."

"Dada yako."

"Tumbo moja. Akili zake hazijatulia, akiona watu anajiita mke wangu. Mimi nimemzoea, namwachia tu aseme. Nakupenda wewe peke yako, Berni. Harusi iko palepale."

Bernadine alisogeza mdomo kwenye simu ya ukutani.

"Marlys, umesikia?"

"Nimesikia," Marlys alisema. "Mwambie kaka yangu nguo zake anazikuta kwenye theluji. Na asirudi humu ndani hata kuchukua koti."

Dale akauliza taratibu, "Berni, uko hewani?"

"Wisconsin yote na Minnesota yote, Dale."

Dale alikata simu.

Bernadine alivua pete. Iligoma kwenye kiungo cha kidole, Verna akaipaka mafuta ya nywele, ikatoka. Hakuwa amelia mpaka hapo. Alikuwa na hasira tu, na hasira ilimshikilia wima.

"Dada," Marlys alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ile hoja ilikuwa yako kweli?"

"Yangu."

"Alinieleza Ijumaa aliporudi. Aliieleza vizuri, macho yanawaka. Tulikuwa hatuzungumzi mimi na yeye, karibu mwaka mzima. Nikamtazama nikasema, kumbe mwanamume huyu bado ana kitu kichwani. Nilianza kumpenda upya kwa maneno yale."

Hapo ndipo Bernadine alipoegemea ukuta akalia, kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

"Pole, Marlys," alisema.

"Pole na wewe, mdogo wangu," Marlys alijibu, naye akilia.