Damu Iliyobaki Kwenye Friji

"Dada, tafadhali, utakanyaga bisibisi zangu!"

Ndivyo walivyokutana, asubuhi ambayo foleni ya wagonjwa ilifika mpaka nje. Friji la maabara lilikuwa limegoma, na fundi alilala chali sakafuni ndani ya ovaroli ya bluu, viatu viking'aa kuliko vya daktari. Mpimaji wa damu alisimama juu yake na koti lake jeupe, trei ya vichupa mkononi, akacheka. Alikuwa hajacheka kazini siku nyingi.

Friji lilipona siku ileile, lakini fundi hakukoma kuja kulikagua.

"Limefanya nini tena?"

"Halijafanya kitu. Nimelikumbuka tu."

"Friji?"

"Mwenye friji, mpenzi."

Wakachumbiana. Fundi akatoa damu kwa vipimo vya kabla ya ndoa, akijitia kuzimia ili ashikwe mkono. Mpimaji akaipima mwenyewe, na kipimo cha virusi vya malengelenge, vile viogopwavyo kama vya zinaa, kikaonyesha kuwa anavyo. Akaona giza.

"Umetembea na nani?"

"Haki ya Mungu, tangu nikujue sina mwingine."

"Kipimo hakina sababu ya kunidanganya."

"Na mimi ninayo?"

Fundi akafunga sanduku lake la vifaa, akaondoka.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Mpimaji alichemsha chai ya mtu mmoja, akaiacha ipoe. Blauzi ya manjano, ambayo fundi aliipenda, ikabaki kabatini. Alikuwa akiwasha redio bila kuisikiliza, ili tu pawe na mtu anayezungumza.

Kisha kikaletwa kipimo kipya, na mkuu wa maabara akawakusanya wapimaji wote.

"Virusi hivi ni ndugu wawili," alisema. "Mmoja hupenda mdomo. Wengi wetu tulimpata utotoni, kwa kubusiwa na mashangazi. Mwenzake ndiye hasa wa sehemu za siri. Kipimo cha zamani kilishika sehemu wanazofanana, hakikuweza kuwatenganisha. Hiki kinatumia protini ya ganda la nje, na kila ndugu ana yake."

Damu ya fundi ilikuwa bado kwenye friji. Mpimaji akaipima upya, na pembeni akaiweka ya kwake, ambayo siku ile hakufikiria kabisa kuipima. Zote mbili zikatoa jibu moja: yule wa mdomoni, basi.

Akapiga simu.

"Friji limeharibika?" fundi aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeharibu. Ni vile vya mdomoni, mpenzi wangu, vya utotoni. Hata mimi ninavyo! Nisamehe, rudi."

Nyundo ziligonga huko alikokuwa, zikanyamaza.

"Nilishakusamehe zamani."

"Basi njoo."

"Nilikuambia kwa mdomo wangu, hukuniamini. Leo protini imekuambia, umeamini. Siku nyingine tukikosana, nani atanisemea?"

Machozi yakamtoka mpimaji.

"Na friji likigoma tena?" aliuliza.

"Nitakuja. Friji halijanikosea."

Kila asubuhi mpimaji huvaa blauzi ya manjano chini ya koti jeupe, kisha hufungua mlango wa friji na kusikiliza. Linanguruma vizuri. Fundi yule alikuwa hodari, na tangu alipolitengeneza halijagoma hata mara moja.