Kemunto na Paka Asiyechanjwa

Kemunto haamini mtu anayeuliza tarehe. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuingia nchini, tarehe ya kuhama nyumba: kwake yote ni mitego. Anaishi ughaibuni, mjini Bloomington, na mumewe Muriuki, binti yao Mumbi, na paka mzee wa madoadoa aitwaye Githeri. Kazi yake ni kutunza wazee. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, humpa Githeri kidonge kwa sababu figo zake ni mbovu.

Jumanne moja Githeri alikataa kidonge. Kemunto akamfungua kinywa kwa nguvu. Paka akamwuma mkono wa kulia, karibu na kidole gumba. Vilibaki vitundu viwili vidogo tu. Kemunto akausuuza mkono haraka, akavuta sanduku lililo chini ya kitanda. Humo mna dawa za kila ugonjwa, alizoletewa na binamu yake kutoka Nairobi. Mchana kutwa huwahimiza wazee wamsikilize daktari, lakini daktari wake yeye ni sanduku. Mganga hajigangi. Akameza vidonge viwili, akavaa glavu, akaenda zake.

Jioni mkono ulikuwa umevimba na unawaka moto. Muriuki alitaka waende kliniki. Kemunto akakataa. Alikuwa amesikia kazini kwamba paka akiuma mtu huchukuliwa na kuuawa, kichwa kikapimwe kama ana kichaa cha mbwa. Na Githeri hakuwa amechanjwa kwa miaka mitatu, tangu figo zake zilipoanza kuugua. Mumbi amekuwa akilala na paka huyo tangu akiwa mtoto mdogo. Kumpoteza Githeri kulimtisha Kemunto kuliko mkono.

“Basi sema amechanjwa,” Muriuki akamshauri. “Nani ata-check?”

Mlango ukabishwa. Alikuwa Joyeuse, jirani Mkongo wa ghorofa ya chini, anayefanya kazi kwenye kliniki ya wanyama huko Golden Valley. Alikuja kurudisha sufuria. Akauona ule mkono.

“Paka amekuuma? Vaccin, chanjo yake ya mwisho, ilikuwa lini?”

Tarehe tena. Kemunto akamkazia macho. Sufuria ilikuwa kwake mwezi mzima. Mbona airudishe leo?

“Unataka kumwambia nani?”

“Mimi? Hapana. Utamwambia daktari wewe mwenyewe, na ni leo.”

Joyeuse akampeleka kwenye sinki. Akamwosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili, akisema hivyo ndivyo ilivyopaswa kufanywa asubuhi. Meno ya paka ni membamba, akaeleza. Huingiza vijidudu ndani kabisa, kisha tundu hujifunga juu. Dawa iliyobaki nyumbani si ya kukisia.

Muriuki akasema kichaa cha mbwa ni cha mbwa, tena Githeri hatoki nje. Joyeuse akatikisa kichwa. Paka pia hukipata, na popo huingia hata ndani ya nyumba. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

“Watamchukua Githeri?” Kemunto akauliza.

“Kwa kawaida paka asiye na dalili hufungiwa siku kumi na kutazamwa, mara nyingi nyumbani kwake. Akimaliza siku kumi bila dalili, basi hakukuambukiza alipokuuma. Akifa au akionyesha dalili, hapo ndipo anapimwa. Ukidanganya, hakuna atakayemtazama.”

Kemunto alimwamini nusu. Nusu iliyobaki alisukumwa na maumivu.

Kule kliniki, usiku uleule, daktari naye akauliza kama paka amechanjwa. Muriuki akakohoa.

“Hapana,” Kemunto akasema. “Ni miaka mitatu.”

Jeraha likasafishwa. Akapewa dawa inayofaa, na chanjo ya pepopunda. Daktari akatoa taarifa kwa wahusika. Kemunto akarudi nyumbani akijiona amemuuza paka wake.

Afisa wa mji anayeshughulikia wanyama alipiga simu, akawaeleza namna ya kumfungia Githeri chumbani. Hata hivyo, kila gari jeupe likipita Kemunto alichungulia dirishani, akidhani wamekuja kumchukua paka. Siku ya tano Githeri akakataa chakula. Kemunto alitamani kunyamaza. Alikaa na simu mkononi muda mrefu, akiogopa kwamba anampigia mchinjaji. Mwishowe akampigia afisa. Akaagizwa ampeleke kwa daktari wa wanyama siku ileile. Daktari akaona ni figo tu, akamwongezea maji mwilini. Jioni Githeri akala.

Siku ya kumi afisa akauliza kama paka yu hai na yu mzima. Yu hai, Kemunto akajibu.

Wiki hiyo wote walikwenda kliniki ya Joyeuse. Damu ya paka ikapimwa. Figo ni mbovu lakini hali imetulia, daktari akasema, kwa hiyo achanjwe leo dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo nyingine zingoje. Angekuwa dhaifu mno, daktari angeahirisha na kuandika barua, nao wangeuliza sheria ya mji wao inasemaje. Ugonjwa haumaanishi hakuna chanjo. Maana yake ni kumwuliza daktari kwanza.

Mumbi alimpakata Githeri. Akauliza, kwa Kiingereza chake, ni daktari gani aliyewaambia waache chanjo miaka yote ile.

“Si daktari,” Kemunto akasema. “Ni mimi. Niliogopa chanjo ingemdhuru, na sikumwuliza mtu.”