Kadi Iliyoambiwa Isiulize

Siku kadi ya kompyuta ilipoingia, nyumbani walikuwepo Baba Kibonge, mhariri wa video za harusi. Mkewe, Mama Kibonge. Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi. Kibonge mwenyewe, mtoto wa kunyonya asiyejua hata kukaa. Na muuza kompyuta kuukuu aliyeitwa Spea. Hakuwepo mwingine. Mama Kibonge yuko tayari kuapa.

Seva ya Baba Kibonge ilikaa stoo, ukuta mmoja na chumba cha mtoto. Ilihifadhi video zake zote, na picha za kamera ndogo iliyomwangalia Kibonge kitandani zilipitia humo. Alitaka kuiunganisha na meza yake ya kazi kwa waya wa faiba, ule unaopitisha mwanga badala ya umeme. Moduli, yaani kile kidude cha chuma kinachoshika ncha ya waya, alikuwa nayo. Alikosa kadi ya kuichomekea.

Spea aliweka kadi mbili mezani.

"Hii mpya ni pole, inakubali moduli yoyote. Ila feni yake inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Hii nyingine imetoka kwenye ofisi iliyofungwa. Kimya kabisa, lakini inabagua. Moduli isiyoijua, inaikataa."

"Inakataa wageni?" Bibi alicheka. "Basi ina akili kumshinda mwanangu."

"Hiyo ofisi ilifungwa kwa nini?" Mama Kibonge aliuliza.

"Walihama tu, shemeji."

"Wakaacha na vitu vyao?"

Ghafla Spea akawa na shughuli nyingi na zipu ya begi lake.

Baba Kibonge alichagua ile ya kimya. Mkewe alijua sababu bila kuambiwa: hakutaka feni imwamshe mtoto. Alikuwa mtu wa namna hiyo, wa kufunga mlango taratibu na kuvua viatu nje. Kwa hiyo alimeza swali lake.

Kadi iliikataa moduli, kama walivyoonywa. Baba Kibonge akakaa mbele ya kompyuta, akaandika amri ya kuiondolea ubaguzi wake.

"Kubali chochote kitakachokuja, usiulize ni nani," alisoma kwa mbwembwe, kisha akabonyeza. "Haya, karibu!"

Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Umeona? Imeunganika!"

Mama Kibonge alitazama mikono yake. Waya wa faiba alikuwa ameushika yeye, bado umeviringishwa, vifuniko havijatolewa.

"Imeunganika na nani?" aliuliza.

"Kadi kuukuu hizo, zinadanganya," Spea alisema, akiwa tayari mlangoni. Hakungoja hata chai aliyokwisha kumiminiwa.

Kibonge alikuwa mtoto wa kulia mpaka majirani wanamjua. Tangu siku ile hakulia. Alipopewa ziwa aligeuza uso, akakaza midomo kama mtu aliyekwisha kula. Wala hakukonda. Alinenepa, na kinywa chake, kilichokuwa kikinukia maziwa, kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Mama Kibonge alimshuku mkwewe.

"Mama," alisema kwa adabu, "mtoto unampa nini?"

"Mimi? Si wewe unayemnyonyesha kutwa nzima! Nimekuona sasa hivi kwenye kamera, umempakata, nywele umeziachia mpaka kiunoni."

"Nilikuwa uani nafua, Mama. Tazama."

Mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Nywele zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa. Bibi alimtazama toka juu hadi chini.

"Nimekuona kwa macho yangu," alisema polepole. "Uongo wa nini, mwanangu?"

Tangu hapo Bibi alihamishia kiti chake karibu na mlango wa mtoto. Hata hivyo aliendelea kumchemshia mkwewe maji ya kuoga, maana mzazi ni mzazi hata akiwa mwongo. Mama Kibonge aliyaona yale maji, akaumia zaidi kuliko angetukanwa.

Mumewe naye alianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Jana mbona ulinifukuza chumbani?" alimnong'oneza.

"Jana saa ngapi? Nilikuwa kliniki na Mama, mtoto nimekuachia wewe."

"Ulikuwa unamwimbia. Hukugeuka. Ulisema tu, 'Mwache, ni wangu.'"

Walitazamana, na kila mmoja akaogopa kuuliza swali la pili.

Alasiri moja, jua bado kali na nguo zikining'inia kambani, Mama Kibonge alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia wimbo ukipita ukutani kutoka stoo, wimbo wa kubembeleza usio na maneno, kwa sauti ambayo alijua ni yake mwenyewe kwa sababu ilikwama pale pale inapokwama yake, akachukua simu kwa vidole vyenye maganda, akafungua kamera, akamwona mwanamke aliyevaa gauni lake, mwenye shingo yake na mabega yake, ameinamia kitanda, na Kibonge amefumba macho kwa raha ananyonya, na kile alichokuwa akinyonya kilikuwa kinawaka mwanga wa kijani uliopenya mashavu ya mtoto mpaka mishipa yake ikaonekana.

Alikimbia. Chumbani alimkuta mtoto peke yake, midomo imelowa, na ile harufu.

Safari hii Bibi, aliyeona vyote viwili, mkwewe akipita mbio mbele yake na mkwewe ndani ya simu, hakuuliza tena uongo wa nini. Alimpigia mtabibu, wifi yake, akaja jioni ile ile kabla jua halijazama.

Mtabibu hakuuliza habari za mtoto. Aliuliza, "Nyumba hii nani alimkaribisha asiyemjua?"

Baba Kibonge alieleza habari ya kadi, akitazama sakafu. "Niliiambia isiulize ni nani, shangazi. Ilikuwa mzaha."

"Kwako. Yeye amekaribishwa, na mgeni wa namna hiyo hafukuzwi na mtu wa nje. Nitasoma dua, lakini aliyefungua ndiye afunge. Mama mtu, kampakate mwanao, usimwachie hata ukisikia nini."

Mama Kibonge aliingia, akampakata. Nyuma ya shingo alihisi joto la pumzi. Hakugeuka. Kule stoo mumewe alifungua kamera, mtabibu akisoma begani pake kwa sauti ya chini.

"Mama," Baba Kibonge alimwita Bibi. "Wako wawili."

"Ifunge!" Bibi alijibu.

"Wote wawili wamemshika. Nikifunga, atatoka yupi?"

Ukutani sauti moja ikajibu, ya kusihi, "Baba Kibonge, usifunge, ni mimi."

Naye Mama Kibonge, aliyeona mkono wake mwenyewe wa tatu ukimzunguka mtoto, vidole vyake, kucha zake, hata kovu la pasi, alitamani kusema maneno yale yale, akaelewa kwamba kila neno ambalo angelisema lilikuwa limekwisha kusemwa, na kwamba mumewe, yule mtu wa kufunga mlango taratibu, angeweza kumfungia nje yeye, akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akapiga kelele, "Usimsikilize yeyote kati yetu! Funga!"

Baba Kibonge akairudishia kadi ubaguzi wake. Taa ikazimika. Ukutani kikapita kitu kama pazia zito linalovutwa, harufu ikakatika, na Kibonge akalia, kilio kirefu mpaka Bibi aliyekuwa mlangoni akakaa chini na kulia naye.

Usiku huo mtoto alinyonya. Baba Kibonge alimletea mkewe mto wa mgongo, akasimama kidogo akimtazama usoni kama anayetaka kuuliza ni nani, kisha akaenda zake.

Sasa Kibonge anatambaa. Mama yake akitoka chumbani, hulia. Akirudi, hulia vile vile.