Jasho la Mulei

Glavu zilikuwa zimelowa.

Kagwe, mzee aliyefagia na kulinda holi la lokesheni, mtaa wa Waafrika, mjini Thika, alizitoa kabatini Jumanne asubuhi akitaka kuzipanga upya, akahisi maji yakimchuruzika kwenye viganja. Alizigeuza. Ndani yake kulikuwa na joto, kama za mtu aliyezivua dakika hiyo hiyo. Alizirudisha haraka, akajipangusa mikono kwenye suruali, kisha akaenda kugonga mlango wa ofisi.

"Bwana Githinji, hebu kuja uone kitu."

Ephantus Githinji alikuwa akiandika programu ya juma. Yeye ndiye aliyesimamia kila kitu katika lile holi: mafunzo ya kufuma sweta kwa akina mama, darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, sinema iliyoletwa kwa gari, kandanda, drafti, na, hadi ilipokatazwa hivi karibuni, ndondi. Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba, watu bado walitembea na vipande vya utambulisho mifukoni, na holi lilikuwa karibu pahali pa pekee ambapo watu hamsini wangeweza kukaa pamoja bila askari kuwauliza wanapanga nini. Githinji alilipenda holi lile kama mtu anavyopenda shamba lake.

Alizishika zile glavu, akazinusa. Zilinuka jasho, na chini ya jasho, mafuta ya mbarika.

"Paa linavuja," alisema.

"Bwana, mvua haijanyesha siku tisa."

"Basi ni umande. Zianike nje, mzee."

Wote wawili walijua ni nani aliyekuwa akijipaka mafuta ya mbarika kabla ya mazoezi. Mama yake aliyapika mafuta hayo kwao Ngoliba, akamletea kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Na mtu huyo, Mulei, alikuwa kaburini wiki ya tano sasa.

Mulei alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mpasua mawe, mpole mno nje ya ulingo. Akikukanyaga bahati mbaya, angekuomba msamaha mpaka wewe uone haya. Lakini ukimvisha glavu, alikuwa mwingine. Watu wa Ruiru walimwogopa. Siku ya pambano la Thika na Ruiru, lililofanyiwa kwenye holi la Ruiru Jumamosi alasiri, alipigwa ngumi moja ya kawaida katika raundi ya tatu, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Refa alihesabu hadi kumi. Mulei alisimama baadaye, akapanda lori mwenyewe, na kabla hawajafika Thika akafa, kichwa chake mapajani mwa Githinji.

Hayo kila mtu aliyajua. Lililobaki alilijua Githinji peke yake.

Ijumaa, siku moja kabla ya pambano, Mulei alikuja ofisini akafunga mlango nyuma yake. Alisema jiwe lilimwangukia kichwani kazini siku mbili zilizopita. "Kichwa kinauma, Bwana Githinji. Na ninaona vitu viwili viwili." Githinji alimwelewa vizuri. Lakini lori lilikuwa limeshapatikana, mabango yalikuwa yamebandikwa, na mkubwa wake Mzungu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asipoona watu wakija kwa wingi, holi litageuzwa stoo ya serikali. Kwa hiyo alimpa Mulei vidonge viwili na kikombe cha maji. "Ni raundi tatu tu," alimwambia. "Ukimaliza utapumzika."

Mulei alimwitikia, "Sawa, bwana," na akashukuru.

*

Alhamisi ya juma lile, saa kumi na moja jioni, akina mama walikuwa wamekaa kwa duara wakifuma sweta waliposikia gunia la mazoezi likipigwa kwenye chumba cha nyuma. Pigo moja. Kimya. Mapigo mawili ya haraka. Walidhani vijana wameruhusiwa kuanza tena. Mmoja alikwenda kuchungulia, akarudi, akamfunga mtoto wake mgongoni akatoka nje, na alipoulizwa na wenzake huko barabarani alisema tu, "Ngai! Yule wa Ngoliba." Sindano na nyuzi zao zilibaki sakafuni.

Githinji alitoka ofisini kwake. Alijiambia kwamba ataingia mara moja, atazame, atoke.

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja la upande wa magharibi, na jua la jioni lilikuwa likiingia sawasawa. Gunia lilikuwa likiyumba. Mbele yake alisimama mtu kifua wazi, ameupa mlango mgongo, mgongo unaong'aa mafuta, na kovu dogo chini ya bega la kushoto ambalo Githinji alilifahamu kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kulifunga bandeji. Mtu yule alipiga, akarudi nyuma hatua moja, akapiga tena, na kila alipopiga alitoa pumzi puani kama Mulei alivyofundishwa, lakini pumzi ile haikuwa ikivutwa ndani, ilitoka tu, ikatoka tena na tena, kama upepo unaotoka kwenye shimo refu lisilo na mwisho, na harufu ya mafuta ya mbarika ikajaa chumbani mpaka Githinji akaihisi kooni, akataka kuita jina la Bwana Yesu na ulimi ukawa mzito kama wa mtu mwingine.

Kisha mapigo yakakoma. Bila kugeuka, lile lililosimama pale likasema kwa sauti ya Mulei, taratibu, kwa adabu ile ile:

"Kichwa kinauma, Bwana Githinji."

Githinji hakujua alitokaje. Kagwe alimkuta amekaa nje kwenye ngazi.

"Imekuambia nini?" Kagwe alinong'ona.

"Hakuna. Haijasema kitu."

Lile lilikuwa kosa lake la pili.

Kwa maana habari zilienea, na Ijumaa akaja Kitheka, rafiki wa Mulei waliyekuwa wakifanya mazoezi pamoja. Kitheka hakuogopa. Alifurahi. "Kama ni Mulei, hawezi kunidhuru," alimwambia Kagwe, na kabla mzee hajamzuia alikuwa amevaa glavu na kuingia. Waliokuwa nje walimsikia akicheka. Wakasikia miguu ikisuguana sakafuni, na ngumi, na Kitheka akisema, "Pole pole, ndugu yangu, pole pole," kisha hawakusikia kitu. Walipoingia walimkuta peke yake, amelala, damu nyembamba ikimtoka sikioni. Alipozinduka hakuweza kusema. Alifungua mdomo kama samaki, akalia machozi.

*

Jumamosi akaja Mbithe, mama yake Mulei.

Alikuwa mwembamba, mwenye mikono ya kazi, na kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amebeba kibuyu cha uji kutoka Ngoliba. Hakusalimia watu wengi. Alimuuliza Kagwe, "Ni chumba gani?" Akaonyeshwa. Akaingia, akakaa kwenye benchi lililo kando ya ukuta, akafungua kibuyu na kukiweka sakafuni.

Saa kumi na moja gunia likaanza kupigwa.

Githinji alisimama mlangoni akamwona yule mama akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mtoto wake akisoma. Hakulia. Gizagiza lilipoingia na kile kitu kikatoweka, alifunga kibuyu, ambacho uji wake haukuwa umepungua, akaenda kulala kwa jamaa yake mle lokesheni. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Kufikia siku ya sita mifupa ya mashavu yake ilikuwa imechomoza na nywele zake chini ya kitambaa zilianza kung'oka.

"Mama, tafadhali, rudi nyumbani sasa," Githinji alimsihi. "Hiki kitu kinakumaliza."

"Mtoto wangu yuko hapa," alisema Mbithe. "Niende nyumbani kwa nani?"

"Huyu si Mulei, mama."

"Wewe umemjua miaka miwili. Mimi nilimzaa." Akamtazama Githinji kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko tusi. "Wewe pia umeumia, naona. Ulimshika kichwa akifa. Mungu akubariki kwa hilo."

Githinji alitoka nje akaenda kusimama peke yake nyuma ya holi.

Kagwe ndiye aliyepanda lori la mkaa siku ile, bila kumuuliza mtu, akaenda Ngoliba na kumleta Wayua. Wayua alikuwa mganga, mwanamke mfupi wa makamo aliyekuwa na kiti kidogo cha miguu mitatu na mfuko wa ngozi. Alifika saa kumi. Alizunguka holi lote akinusa, akagusa gunia kwa ncha ya kidole, akarudi mlangoni.

"Ni jini," aliwaambia Githinji na Kagwe kwa sauti ya chini, ili Mbithe aliyekuwa kwenye benchi asisikie. "Limemvaa mtoto wa watu kama koti. Marehemu mwenyewe amelala, hana habari. Sasa niambieni. Hii kitu haiingii nyumba hivi hivi. Inaingia pahali kuna neno limefichwa, inakula hilo neno, ikimaliza inakula watu. Nani ako na neno?"

Kagwe alitikisa kichwa. Githinji alitazama viatu vyake.

"Mimi naweza kufukiza dawa hapa mpaka kesho," Wayua alisema. "Haitatoka. Na huyu mama hatamaliza juma."

Saa kumi na moja ikafika. Wayua alikuwa ameketi kwenye kiti chake, moshi ukipanda kutoka kwenye kigae mbele yake. Kile kitu kikawa pale, bila mlango kufunguka, kikaanza kupiga, na safari hii kilipiga kwa nguvu mpaka vumbi likadondoka kutoka darini, mapigo yakifuatana bila nafasi, na ile pumzi inayotoka bila kuvutwa ikazidi kuwa nzito, moshi wa dawa ukarudishwa chini ukatambaa sakafuni kama unaogopa kusimama, na Mbithe kwenye benchi akawa anayumba mbele na nyuma kwa mapigo yale yale, macho yamefumba, midomo imekauka, kana kwamba kila ngumi ilikuwa ikimpata yeye, na Githinji akaona kwamba ikiwa atanyamaza dakika moja zaidi atambeba maiti wa pili wa nyumba ile ile.

"Aliniambia!" alipaza sauti.

Mapigo yakakoma.

"Mama Mulei, aliniambia. Ijumaa. Alikuja ofisini akaniambia kichwa kinauma, jiwe limemwangukia, anaona vitu viwili viwili. Nilijua."

Mbithe alifumbua macho. "Ulijua siku ya Ijumaa?"

"Nilijua."

"Na Jumamosi, nani alimfunga glavu?"

"Mimi, mama. Kwa mikono yangu. Niliogopa holi litafungwa."

Yule mama akasema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Hata mimi hakuniambia. Alikuchagua wewe."

Kile kitu kiligeuka. Uso ulikuwa wa Mulei kama ulivyokuwa mle ndani ya lori: jicho moja limefumba nusu, jingine limetazama pembeni, taya limelegea. Glavu zikadondoka. Kikapiga hatua kumwelekea Mbithe, na kwa mara ya kwanza kikamwita kama Mkamba anavyomwita mama yake.

"Mwaitu."

Mbithe akanyanyuka, mikono mbele. Wayua alimrukia akamshika kiunoni.

"Usimguse! Si yeye!"

"Niache! Najua si yeye! Niache nimguse tu!"

Walivutana, wanawake wawili, mmoja akilia na mwingine akikaza meno. Na mbele yao ule uso ukaanza kupoteza sura, pua kwanza, kisha midomo, kama sabuni inavyoyeyuka majini, hadi pakabaki maji yenye mafuta sakafuni na mwanga wa jua juu yake. Harufu ikaondoka papo hapo. Kilio cha Mbithe ndicho kilichobaki, na hicho kilisikika mpaka kwenye reli.

*

Baada ya siku tatu Kitheka alipata sauti yake. Neno lake la kwanza lilikuwa maji. Holi lilifungwa mwezi uliofuata, kama Githinji alivyoogopa, likajazwa magunia ya serikali na kuwekewa kufuli. Yeye alipewa kazi ya karani mahali pengine. Hakuikataa.

Mwezi wa nane alikwenda Ngoliba kwa miguu kutoka pale lori lilipomwacha. Alimkuta Mbithe uani akipukuchua kunde. Mama yule hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Githinji alichuchumaa kando yake, akaanza kupukuchua pia. Walifanya hivyo mpaka ungo ukajaa.

"Mle ndani ya lori," Mbithe alisema hatimaye, "alisema kitu?"

"Aliuliza kama ameshinda."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia ameshinda."

"Na alikuwa ameshinda?"

"Hapana, mama."

Mbithe alipepeta kunde, maganda yakapeperuka uani. Alipepeta mara ya pili, ingawa zilikuwa safi.

"Kwa kumdanganya hapo," alisema, "nimekusamehe."

Akanyanyuka na ungo wake, akaelekea ndani.

"Kwa lile lingine, hapana. Nenda nyumbani, jua linazama."

Na mlango ukafungwa, polepole, kama wa nyumba yenye mgonjwa.