Nusu Limau na Jiwe Jeupe

Katika nyumba ya fundi cherehani mmoja, mlango ulikuwa umelala. Haukulala kwa uchovu. Ulilazwa juu ya matofali jikoni miaka kumi na mmoja iliyopita, ukaambiwa uwe kaunta kwa muda. Muda huo ukawa mrefu kuliko mlango wenyewe.

Kitasa chake kilikuwa bado kipo. Kila asubuhi mke wa fundi alikanda unga wa mikate hapo, na kila asubuhi kitasa kilimshika mkono wa gauni, kama mtu mwenye neno la kusema. Wageni wenye utani walipiga hodi juu ya meza kabla ya kuweka vikombe.

Fundi mwenyewe aliitwa Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake. Alikula nayo. Alinyolewa nayo. Alikuwa mtu mrefu, na mkewe alikuwa mfupi. Siku ya kuulaza mlango ule, Futi aliuinua hadi kimo cha meza yake ya kukatia nguo. Kimo hicho kilimfaa sana yeye, ambaye hakuwahi kukanda unga hata siku moja. Mkewe ikabidi akande akiwa amesimama juu ya kreti tupu la soda.

Mara mbili kreti lilimwangusha. Mara ya tatu aliangukia ndoo ya maji, na hapo ndipo ukarabati wa jiko ulipotangazwa rasmi.

"Baba watoto," alisema huku akikamua gauni, "mwaka huu mlango huu unarudi kuwa mlango."

"Utarudi."

"Na mimi nashuka kwenye kreti."

"Utashuka, mama watoto."

Futi alijibu haraka mno. Akili yake haikuwa hapo. Ilikuwa nyumbani kwa shemeji yake, juu ya jiwe jeupe.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa na kaunta ya marumaru nyeupe. Hakuna mgeni aliyetoka kwake bila kusikia habari zake. Wachache walikuwa wameiona, maana ilifunikwa kitambaa wakati wote. "Jiwe la heshima halikai uchi," alisema Shemeji. Vitambaa alivishona Futi. Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kutosha sahani moja. Cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Cha tatu kilikaribia ukingo. Futi aliandika vipimo vyote kwenye daftari lake, akabaki na wivu wake.

Basi alikwenda peke yake kwenye karakana ya mawe. Msumeno ulikuwa ukikata jiwe huku maji yakitiririka juu yake. Aliyeushika alikuwa mwanamke mnene, mwenye vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Huyo ndiye fundi wa mawe.

Futi aliliendea jiwe jeupe moja kwa moja. Alilipapasa kwa vidole viwili, kama anavyopapasa kitambaa. Nusura aulize kama linachuja rangi.

"Nataka hili," alisema. Akatoa karatasi. "Urefu huu, upana huu, kimo hiki. Nimepima jiko lote."

Fundi wa mawe alizima msumeno. Akaisoma karatasi polepole.

"Umepima jiko. Mpishi je?"

"Mpishi ni mke wangu."

"Ndiyo. Umempima?"

"Kwani jiwe linavaliwa?"

"Fundi mwenzangu," alisema mwanamke yule, akiitazama ile futi shingoni, "mteja akikutuma umshonee suti, unapima kabati lake la nguo?"

Futi alikohoa. Alisema kwamba vumbi limemwingia kooni.

"Mimi siuzi jiwe kabla halijalala kwa mteja," fundi wa mawe aliendelea. "Nikishalikata kwa kipimo chako, halirudi. Chukua vipande hivi vinne: marumaru, graniti, kigae chenye maungio ya saruji, na mbao. Viweke jikoni siku nzima na usiku wake. Vitendeeni yale mnayotenda kila siku. Msivionee huruma. Afadhali kipande kiumie kuliko kaunta nzima."

Futi alibeba vipande vile kwenye mfuko wa kitambaa, vikimgonga goti njia nzima. Nyumbani alivipanga juu ya mlango. Binti yao, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alisogeza kitasa pembeni kadiri kilivyokubali, akachukua daftari na kalamu.

"Wanafunzi wapya," alisema. "Nitawaandikia ripoti."

Mama yake alianza kazi kama siku zote. Limau katika nyumba ile lilikuwa na kazi nyingi kuliko watu. Lilitiwa kwenye chai, kwenye samaki, na mwishowe lilisugua masufuria. Basi kila kipande kilipata nusu limau, kikombe cha chai, tone la mafuta, na sufuria iliyotoka motoni. Mbao ilitoa moshi mara moja, kwa adabu.

Mama alipotoka kupeleka mikate kwa majirani, Futi aliingia jikoni kwa kunyata. Aliligeuza lile limau la kwenye marumaru, ganda likawa chini.

"Baba," sauti ilitoka nyuma yake, "hilo limau limelala chali."

"Lilikuwa limechoka."

"Mengine matatu hayajachoka."

"Nilikuwa naangalia tu kama lina mbegu."

Binti aliligeuza tena, likalala kifudifudi. Kisha akaandika kitu kwenye daftari. Futi alijaribu kusoma kwa mbali, akaona jina lake limepigiwa mstari.

Asubuhi yake walikusanyika wote watatu kama wazazi siku ya kufunga shule. Binti alisoma ripoti kwa sauti ya mwalimu mkuu.

"Mbao. Ni mpole, lakini ameungua. Asikalishwe karibu na moto. Kigae. Hana makuu, na limau halimtishi. Ila chai imemwingia kwenye maungio, kwa hiyo apigwe mswaki kila wiki. Graniti. Hana maneno mengi. Limau amelishinda, moto ameushinda. Amekunywa mafuta bila ruhusa."

"Na marumaru?" Futi aliuliza.

"Marumaru anavutia sana. Hana uvumilivu. Mwone mwenyewe."

Juu ya jiwe jeupe palikuwa na duara lililofifia, saizi ya limau, kama jicho la mtu aliyekosa usingizi. Futi alilisugua kwa sabuni. Alilisugua kwa dawa ya meno. Alilisugua kwa pindo la shati alilokuwa amevaa. Jicho liliendelea kumtazama.

"Doa hili lina ukaidi," alisema.

"Mume wangu," mkewe alisema taratibu, "kila siku nakamua limau. Ukiniletea jiwe hili, nitakuwa mgeni jikoni kwangu. Nitapika huku nikiomba radhi."

Futi alikwenda dukani kwake, akakaa nyuma ya cherehani bila kushona chochote.

Hapo ndipo Shemeji alipoingia.

"Shemeji, nishonee kitambaa kingine cha ile kaunta," alisema. "Safari hii kipite ukingo. Kining'inie kidogo mbele."

Futi alifungua daftari. Alikiona kipimo cha kwanza, cha pili na cha tatu. Miaka ishirini na sita alikuwa amesoma miili ya watu kwa vipimo. Alijua nani amenenepa na nani anafunga mkanda kwa matumaini. Vitambaa vya Shemeji vilikuwa vikinenepa.

"Shemeji," alisema, "chini ya kitambaa kuna nini?"

"Kuna jiwe."

"Na juu ya jiwe?"

Shemeji alitazama mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akavuta stuli.

"Limau," alisema kwa sauti ndogo. "Kisha siki. Kisha juisi ya mke wangu, chupa nzima. Siku hizi tunakunywa chai tumesimama, kikombe mkononi. Usimwambie dada yangu."

"Sitamwambia," Futi alisema, na alimaanisha hivyo kwa muda wa kutembea kutoka dukani hadi nyumbani.

Mchana huohuo mume na mke walikwenda karakanani na vile vipande. Fundi wa mawe alipitisha kidole juu ya marumaru.

"Hili si doa," alisema. "Doa ni uchafu ulioingia. Hapa jiwe lenyewe limeliwa. Limau na siki vinaila marumaru hivyohivyo hata ukiipaka dawa. Naweza kuling'arisha upya, lakini kesho mtakamua limau lingine. Kwa mtu anayefuta papo hapo, au asiyejali alama, marumaru ni jiwe zuri. Wewe mama unakamua mara ngapi?"

"Kabla ya saa sita? Mara nne."

"Basi si lako."

"Lakini hata graniti imeshindwa," Futi alisema, maana roho yake ilikuwa bado inapigania weupe. "Imekunywa mafuta. Tazama kivuli hiki."

"Imekunywa kwa sababu kipande hiki sikukipaka dawa ya kuziba. Graniti nyingi zina vitundu vidogo. Unapaka dawa, unaiacha inywewe kama maelezo ya kopo yanavyosema, unafuta inayobaki. Ukitaka kujua kama dawa bado ipo, weka matone ya maji. Yakisimama kama shanga, ipo. Jiwe likigeuka jeusi baada ya dakika chache, paka tena. Mawe mengine hukaa mwaka bila kupakwa tena, mengine zaidi. Ndiyo maana unaliuliza jiwe lenyewe, si kalenda."

"Na sufuria ya moto?" mkewe aliuliza.

"Jiwe linavumilia, lakini usilizoeze. Weka kibao chini ya sufuria. Na usikatie kisu juu ya jiwe. Jiwe halitalia, kisu ndicho kitakachobutuka. Mwenye mfuko mdogo achukue vigae vikubwa. Vikubwa vina maungio machache, na uchafu hukaa kwenye maungio."

Mkewe alizunguka karakana. Alisimama mbele ya graniti ya kijivu yenye madoadoa meusi na meupe.

"Hili."

"Limefanana na kuku," Futi alisema.

"Kuku hajawahi kuniangusha kwenye ndoo."

Hapo Futi aliitazama karatasi yake. Kimo alichoandika kilikuwa kilekile cha mlango, kilekile cha meza yake dukani. Alikuwa karibu kumjengea mkewe kreti la maisha. Akaitoa futi shingoni. Fundi wa mawe alisema baadaye kwamba shingo ile bila futi ilionekana kama ya mtu mwingine.

"Simama wima, mama watoto," alisema. "Kunja kiwiko."

"Hapa mbele za watu?"

"Wateja wangu wote nawapima mbele za watu. Wewe peke yako sijakupima miaka kumi na mmoja."

Mkewe alikunja kiwiko, akatazama pembeni ili asicheke. Futi alipima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko.

"Sasa shuka chini ya kiwiko upana wa kiganja kimoja na nusu," fundi wa mawe alisema. "Hapo ndipo juu ya kaunta. Anayekanda sana anaweza kushuka kidogo tena."

"Shusha kidogo tena," mkewe alisema.

Futi alifuta kimo cha zamani, akaandika kipya.

Wiki mbili baadaye kaunta ilikuwa mahali pake, na ukingo wake ulikuwa umeviringwa usikwaruze mtu. Mlango nao ulirudi kwenye bawaba, ukawa mlango wa jikoni. Siku za kwanza ulikwama kidogo, maana ulishazoea kulala. Mke wa Futi alikanda unga akiwa amesimama sakafuni, mabega yameshuka, na mikono ya gauni haikushikwa na mtu.

Shemeji alikuja kutazama. Alibisha hodi kwenye mlango kama binadamu wengine, akakalishwa juu ya kreti la soda. Dada yake alimpa chai yenye limau. Alikunywa kidogo, kisha akabaki na kikombe mkononi. Kilikuwa kinamuunguza. Akakihamishia mkono wa pili, akatazama huku na huku.

"Nitaweka wapi?"

"Popote, kaka."

"Popote kabisa?"

"Mjomba," binti alisema bila kuinua macho kwenye kitabu chake, "hapa hatushoni vitambaa."

Shemeji alimgeukia Futi. Futi alikuwa ghafla na shughuli nyingi na uzi mmoja kwenye mkono wa shati lake.

Shemeji alikiweka kikombe juu ya jiwe. Alikiinua, akachungulia chini yake. Hapakuwa na kitu. Alikiweka tena, akakiinua tena. Mara ya tatu alikiacha palepale, akaegemeza na viwiko, akanywa chai yake mezani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.